Mijakaranda ya Mama Mkwe

Siku nilipofika Ganako kama mke wa mtu, mama mkwe hakunipeleka jikoni kwanza. Alinishika mkono, viatu vyangu bado vina vumbi la njia nzima tangu Moshi, akanirudisha barabarani kunionyesha miche. Ilipandwa safu mbili, kutoka barabara ya magari mpaka mlangoni pake, mifupi, haifiki goti, majani yake membamba kama manyoya ya kifaranga. Kila mche ulizungushiwa miiba ili mbuzi wasiufikie.

"Hii ni mijakaranda," aliniambia. "Ukimaliza kuoga, maji usimwage ovyo. Lete huku."

Kwetu Kilimanjaro mti hupandwa utoe kitu. Nikamwuliza kwa adabu kama matunda yake yanaliwa.

"Hayaliwi."

"Kuni zake, mama?"

"Sijapanda kuni."

Nilikuwa mgeni, na mgeni haulizi mara tatu.

Tuliishi wawili tu siku nyingi. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja huko juu, ukingoni mwa kreta, akirudi nyumbani siku zake za mapumziko. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi, natoka asubuhi na kurudi mchana, na jioni tunafanya kazi za shamba pamoja, mimi na yeye. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Kiswahili alikijua vizuri, ila akikasirika alirudi kwenye Kiiraqw, na mimi nilijifunza lugha hiyo kwa kuanzia na matusi ya kuku.

Sababu ya miti ile alinieleza siku moja tukipalilia maharage, bila mimi kuuliza. Alipokuwa msichana alichuma kahawa kwenye shamba la mzungu upande wa Oldeani. Kulikuwa na njia ya mijakaranda inayopanda mpaka nyumba ya mwenye shamba. Mwezi wa kumi maua yalidondoka mpaka ardhi ikawa zambarau. Vibarua hawakuruhusiwa kupita pale. Walipita nyuma, kwenye njia ya punda.

"Siku moja nikapita," alisema. "Nilitaka kuona tu, kukanyaga yale maua kunakuwaje. Mama wa ile nyumba alikuwa barazani. Hakusema neno. Akafungulia mbwa."

Akainua gauni kidogo, akanionyesha nyuma ya mguu, chini ya goti. Nyama ilikuwa imeondoka, ikaacha shimo ambalo kidole changu kingeingia. Nilishtuka mpaka jembe likanidondoka. Yeye aliendelea kupalilia. Wenye shamba walipoondoka nchini, aliniambia, alitembea mpaka kule akaokota vifuko vya mbegu chini ya miti ileile, vile vya bapa, vigumu kama chapati iliyokauka. Akaja navyo kwenye upande wa kanga.

Tangu siku ile sikumwaga tena maji ya kuoga.

Miche ilipofika kifuani ndipo tulipopata pigo la kwanza. Nilikuwa natoka kwenda shule, ukungu bado umelala mashambani, nikaona kitu cheupe chini ya mti wa kwanza. Nikasogea. Gome lilikuwa limetafunwa kuzunguka shina lote, kuanzia ardhini mpaka shibiri moja kwenda juu, na mti wenyewe ndani unang'aa kama mfupa. Wa pili vilevile, na wa tatu. Majani juu bado yalikuwa mabichi, hayajui kwamba yameshakufa. Nilipiga kelele nikimwita mama, naye alitoka mbio akiwa na mwiko mkononi.

Alitazama mti mmoja mmoja. Hakupiga kelele kama mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ua wa jirani, mama mmoja mwenye mbuzi wengi, akaanza kumsema pale pale mlangoni: mbuzi wako, mbuzi wako, nilikuambia ufunge mbuzi wako. Jirani alitoka amejitanda shuka, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaja kutazama. Akapiga magoti penye mti wa tatu, akavuta kitu kilichonasa kwenye miiba, akamkabidhi mama mkwe. Ulikuwa mwiba mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe.

"Mbuzi wangu hana hii," alisema.

Nungunungu. Mama mkwe aliugeuza ule mwiba mkononi kama mtu aliyepewa kitu asichojua kinafunguliwaje. Kisha akamwomba jirani msamaha, akamkaribisha chai, na wale wawili wakawa marafiki kwa sababu ya mnyama ambaye hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona.

Ilibidi tujifunze kulinda miti. Miiba inazuia mbuzi, lakini nungunungu anapita chini yake. Mume wangu alianza kutuletea madebe matupu ya mafuta ya kupikia kutoka hotelini, yaliyokuwa yakitupwa nyuma ya jiko. Tuliyakata kwa patasi, tukayakunjua, tukavisha kila shina bati lake, ncha ya chini tukaifukia ardhini ili asichimbe. Jua likipanda, njia yote ilimeta mpaka madereva barabarani wakakinga macho. Wanafunzi wangu waliiita Njia ya Madebe, na mimi nikawa Mwalimu Madebe, jina lililonifuata mpaka nilipostaafu.

Nungunungu alishindwa. Akaja pongo, swala wa msituni, dume, akasugua pembe juu ya bati, pale shina lilipo wazi. Akachana gome vipande vipande. Kwa pongo tulifunga magunia ya katani, na mama mkwe aliyapaka mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu na pilipili, kwa mkono mtupu, huku akipiga chafya. Na kila mwaka baada ya mvua tulipita na kulegeza mabati, maana shina linanenepa, na bati likibana linaua mti kama jino la nungunungu. Kazi hiyo tuliifanya pamoja miaka yote, yeye akishika bati, mimi nikikata waya. Nilijifungua wanangu katikati ya kazi hiyo, na wakajifunza kutembea wakishikilia miti ile.

Kisha ikafika ile Oktoba miti ikachanua. Si yote. Michache tu, maua machache, kama mtu aliyejaribu sauti kabla ya kuimba. Mama mkwe alitoka, akasimama chini yake na ndoo mkononi, akasimama tu. Mimi niliingia ndani nikamwacha.

Mwaka uliofuata mvua hazikuja. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa mtoto. Ng'ombe walianza kuonyesha mbavu, na watu wa Endabash walipita njiani na mifugo yao wakitafuta majani huku juu. Kila mtu aliyeishi karibu na msitu alijua kwamba wanyama nao watashuka. Tulisikia nyati wameingia shamba la fulani, tukasikia nguruwe pori. Sisi tulitazama magunia yetu na mabati yetu, tukaona tumejiandaa.

Nilikuwa najifunga kilemba niende shule niliposikia kitu kinachanika. Ilikuwa sauti ndefu, kama mtu anayechana doti nzima ya kanga kwa mkupuo mmoja. Ikanyamaza. Ikaja tena. Nikafungua mlango.

Tembo alikuwa amesimama kwenye njia yetu. Ukungu ulikuwa mzito, na kwanza niliona miguu tu, nikadhani ni mashina ambayo sikuyakumbuka. Kisha nikaona pembe. Aliiingiza ncha yake chini ya gome la mti, polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia kumenya ndizi. Akashika kwa mkonga, akavuta. Gome likatoka lote kwa urefu, kutoka kwenye bati mpaka kwenye matawi, na ile sauti ikanipita mwilini. Akakunja lile gome akatia mdomoni. Bati lilipomsumbua, alilishika, akaling'oa na waya zake, akalitupa pembeni kama mtu anayetupa kifuniko cha kopo. Kazi yetu ya miaka yote.

Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango. Mama mkwe alinipita. Alikuwa na sufuria na mfuniko wake, anagonga, anapiga kelele kwa Kiiraqw, anamwendea. Nilimwita, "Mama! Mama, rudi!" Tembo aligeuka, akafungua masikio, na mimi nikaona kwamba masikio yale ni makubwa kuliko mlango niliokuwa nimesimama. Mama mkwe hakusimama. Tembo alimtazama muda, akapuliza, akageuka, akaondoka kuelekea msituni bila haraka yoyote, akiwa bado anatafuna.

"Umeona?" mama mkwe aliniuliza, anahema. "Umeona alivyonitazama? Kama kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake."

Tembo alirudi asubuhi nyingine, na nyingine. Kila mara yeye peke yake, au hivyo ndivyo tulivyoona katika ukungu. Tulichoma pilipili na mavi makavu, moshi ukatutoa machozi sisi, yeye akapita upande wa pili. Tuliweka mawe yenye ncha kuzunguka mashina, yalimchelewesha kidogo. Kisha akamalizia kwa jirani. Alivunja ghala lake la mahindi, lile dogo lililokuwa na akiba yote ya nyumba ile, akala na kumwaga na kukanyaga.

Balozi wa nyumba kumi akaita kikao uani kwetu. Watu walikuja na njaa, na mtu mwenye njaa hana subira na maua. Balozi, mzee mpole kwa kawaida, alisema wazi: "Mama, miti yako ndiyo inayomwita. Isingekuwa miti hii, angepita mbali. Ikate."

Jirani alikaa macho chini. Ni yeye aliyekuwa amepoteza ghala. Mama mkwe alimtazama yeye, hakumtazama balozi.

"Na wewe unasema nikate?"

"Mimi sisemi kitu," alisema jirani. "Watoto wangu ndio watakaosema, kesho wakiamka."

Mama mkwe alikaa akifikiri mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akasema, "Tembo si wangu. Ni wa serikali. Basi serikali ije imchukue tembo wake. Ikishindwa, nitakata."

Alikwenda Karatu kwa miguu kesho yake, akakaa nje ya ofisi ya Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, mpaka akasikilizwa. Sikuona ubaya wowote katika safari hiyo. Sidhani kama kuna aliyeuona. Nilimpikia viazi vya njiani.

Bwana Nyama alifika na bunduki yake imefungwa kwenye turubai. Nilitarajia mtu wa vitisho. Alikuwa mtu wa makamo, ana kikohozi, anaondoa kofia akiingia ndani. Alikunywa chai, akazunguka kutazama miti, akapitisha kiganja pale gome lilipochanwa.

"Hii yote mmelinda nyinyi wawili?" aliuliza.

"Sisi wawili," nilisema.

Akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia mama mkwe. "Mama, nisikilize. Sipendi kuua. Nitapiga juu kwanza. Wengi wakisikia mlio hawarudi. Wewe na mwalimu mtakaa ndani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alilala sebuleni kwetu, na kulipopambazuka alikuwa ameshakaa nje kwenye kigoda, ameegemea ukuta. Mimi nilikuwa dirishani. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

Tembo alikuja wakati uleule wa siku zote. Alisimama penye mti wa katikati, ule uliochanua vizuri kuliko yote, akanyanyua mkonga. Bwana Nyama alisimama akapiga juu. Sijawahi kusikia mlio kama ule karibu hivyo. Vikombe viligongana kabatini, mwanangu mdogo akaanza kulia. Tembo alizunguka papo hapo akakimbia. Alikimbia kweli, mkia juu, akavuka barabara, akaingia kwenye ukungu upande wa msitu.

Bwana Nyama aliteremsha bunduki, akatugeukia, akatabasamu. Mama mkwe akafungua mlango. Alikuwa na sufuria yake, kwa mazoea tu, na alitoka akiwa karibu kucheka. Nami nilitoka nyuma yake. Nakumbuka nilikuwa nafikiria nimpikie yule baba mayai.

Basi tembo akarudi. Alitoka kwenye ukungu kama alivyoingia, lakini sasa masikio yamelala nyuma, mkonga umekunjwa, anakuja moja kwa moja kwenye njia yetu kati ya miti, na ardhi niliisikia kwenye nyayo. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya njia. Hakukimbia. Hakuweza, nadhani. Bwana Nyama alipiga ukelele, "Laleni!" kisha akapiga.

Tembo alianguka kwa magoti ya mbele kwanza, kama mtu anayesali, kisha akalala ubavu. Vumbi lilipanda. Alikuwa karibu na mama mkwe kiasi kwamba mkonga ulipojinyoosha mara ya mwisho ulipita mbele ya miguu yake. Sufuria ilikuwa imedondoka na inaendelea kuzunguka juu ya ukingo wake, nami nilisubiri iache.

Ndipo tukasikia kitu nyuma ya zizi.

Alitoka mtoto wa tembo yule. Kimo chake kilinifika mimi kifuani, nywele nyekundu bado ziko kichwani, mkonga anauburuta kana kwamba hajui autumie vipi. Pengine alikuwepo siku zote na ukungu ndio uliotuficha. Mlio wa bunduki ulikuwa umemrusha upande wetu badala ya upande wa msitu, akajificha nyuma ya zizi la ng'ombe. Mama yake hakuwa amerudi kutuua. Alikuwa amemrudia mtoto.

Hakuna aliyehitaji kulisema hilo. Bwana Nyama alikaa chini pale pale kwenye vumbi, bunduki kwenye mapaja, akaanza kukohoa na hakuweza kuacha. Yule mtoto alimwendea mama yake. Akamgusa mdomo. Akazunguka, akaingiza kichwa katikati ya miguu ya mbele, akavuta.

Sikujua kwamba matiti ya tembo yako pale. Yako kifuani, mawili, kama yetu. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe, yanachora mstari kwenye ngozi ya kijivu na kudondoka mchangani. Mimi wakati ule nilikuwa bado namnyonyesha mwanangu wa mwisho. Niliweka mikono kifuani, nikahisi gauni limelowa.

Watu hawakuchelewa. Sijui waliambiana vipi, pengine mlio ulitosha. Kabla jua halijatoboa ukungu walikuwa wameshajaa uani, na mapanga, na visu, na beseni, na magunia. Wengi nilikuwa nawafundishia watoto wao. Bwana Nyama alisimama akawazuia mpaka apate kushughulikia pembe, ambazo ni mali ya serikali, lakini alipozimaliza hakuwa tena na nguvu ya kuzuia chochote. Walipanda juu ya tembo. Waliingia ndani yake. Ulikuwa mwaka wa njaa, na mimi siwezi kumhukumu mtu. Wengine walisema wao mila yao hairuhusu kula tembo, wakabeba hivyo hivyo, kwa ajili ya mbwa. Jirani alikuja na beseni lake la kufulia. Alipopita karibu yangu alisema, "Shikamoo," ingawa yeye ndiye mkubwa kwangu, na hakusubiri nijibu.

Mtoto wa tembo alikuwa amesogezwa mpaka chini ya mti wa katikati. Watu walimpigia makelele, akirudi wanamtisha kwa mapanga. Analia. Kilio chake sikitegemei kukisikia tena popote.

Mama mkwe, ambaye mpaka hapo alikuwa bado amesimama alipokuwa amesimama, aliinama akaokota sufuria yake, akaenda kisimani akarudi na maji. Akamwekea. Hakunywa, aliyamwaga. Akaenda zizini akamkamua ng'ombe wetu pekee aliyekuwa bado anatoa, maziwa ya kufunika tu chini ya chombo, akachovya vidole akavitia kwenye ule mdomo. Mtoto alivinyonya vile vidole. Nikamwona mama mkwe anafumba macho.

Kisha akafanya kitu ambacho Bwana Nyama mwenyewe aliniambia baadaye kwamba hajawahi kukiona kazini kwake. Alianza kutembea kuelekea barabarani huku akitoa ule mluzi wa chini unaotumiwa kuita ndama, vidole vyake bado vimeelekezwa nyuma, vina maziwa. Mtoto akamfuata. Watu waliacha kukata. Walivuka barabara, yeye mbele, gauni limejaa vumbi, yule mtoto nyuma akigusa mgongo wake kwa mkonga kila baada ya hatua chache, na Bwana Nyama nyuma yao kwa mbali. Walipandisha kilima kile cha mahindi makavu mpaka wakamezwa na msitu.

Walirudi jua likiwa utosini, wawili tu. Nilimpa maji ya kunawa.

"Umemwacha wapi, mama?"

"Ndani. Nilisikia wenzake wanavunja matawi upande wa bondeni. Naye alisikia. Akasimama akanisahau."

"Walimpokea?"

"Nilisikia wenzake," alirudia. "Sikuona."

Bwana Nyama hakula. Aliomba radhi kwangu, akamwomba mama mkwe, akaomba hata kwa watoto, kisha akaondoka na turubai lake. Miezi michache baadaye nilisikia ameomba kuhamishiwa kazi ya ofisini. Jioni pale njiani palibaki weusi mkubwa ardhini na mbwa wa kijiji kizima.

Miti hatukuikata. Hakuna aliyetutaka tena tuikate. Balozi alipita akatazama chini tu. Ile iliyochanwa upande mmoja, tuliikanda udongo na mavi ya ng'ombe penye jeraha, tukaifunga magunia, na mingi ilipona, ikatengeneza mdomo mnene wa gome jipya kando ya kovu. Ile iliyochanwa pande zote ilikauka, na mama mkwe alikataa iondolewe. Ilisimama pale mitupu katikati ya mingine kwa miaka, mpaka mchwa walipoiangusha. Iliyobaki ipo mpaka leo. Wageni wanaopanda kreta husimamisha magari yao wakapiga picha.

Mume wangu alirudi mapumziko yaliyofuata na habari ameshazisikia hotelini. Alikaa jikoni na sisi, mama yake anabambua maharage machache tuliyopata msimu ule. Kisha mama mkwe akauliza, bila kuinua uso, "Wewe uko na watu wanaojua wanyama. Hivi tembo hunyonyesha muda gani?"

Mume wangu alisema hajui, lakini atamuuliza dereva mmoja anayeshusha wageni kreta kila siku. Akaondoka, na swali akaenda nalo. Mama mkwe hakulitaja tena. Nilidhani amesahau, na niliomba awe amesahau.

Mume wangu aliporudi tena tulikuwa tumekaa vilevile, mimi na mama, kikapu cha maganda upande huu, chungu upande ule. Alisalimia, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Nilimtikisia kichwa asiseme. Lakini yeye hajawahi kumdanganya mama yake.

"Nilimuuliza yule dereva," alisema. "Anasema ni miaka, mama. Miwili, mitatu, wengine zaidi. Mtoto akimpoteza mama kabla ya hapo, mara nyingi hafiki mbali, hata akiwa na wenzake."

"Ahaa," alisema mama mkwe.

Aliendelea kubambua. Vidole vyake vilikwenda kasi ileile, havikusita hata mara moja. Ilichukua muda kabla sijaona kwamba maharage alikuwa anayatupa kwenye kikapu, na maganda ndiyo anayoyaweka kwenye chungu. Mume wangu naye aliona. Tulikaa tukimtazama, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumshika mkono.